Likizo ndefu bila fildi: shika vitabu vya duka la shangazi

Swali: "Nasoma shahada ya uhasibu, nimemaliza mwaka wa kwanza. Niko nyumbani Morogoro mpaka katikati ya Oktoba. Fildi (mafunzo ya kazini) ya lazima kwetu ni mwisho wa mwaka wa pili, ila nilitaka kuanza mapema. Mwezi Juni nilituma barua pepe kumi na moja za maombi, sijajibiwa hata moja. Dar siwezi kwenda, sina pa kufikia. Nina kompyuta ya zamani, na jioni namsaidia shangazi dukani; ana duka la rejareja na meza ya wakala wa fedha kwa simu. Naogopa kurudi chuo mikono mitupu. Nifanye kozi gani za mtandaoni ili nipate ujuzi wa kazi?"

Jibu:

Mdogo wangu, kitu cha kushika likizo hii umekitaja mwenyewe, ila umekitaja kwa kupita: duka la shangazi na ile meza ya wakala. Kozi tutazigusa huko mbele. Lakini anayetafuta mhasibu msaidizi hana shida ya vyeti. Ana shida ya mtu ambaye akikabidhiwa boksi la risiti, taarifa ya benki na daftari lenye miandiko ya watu watatu, atamletea hesabu zinazokubaliana. Hilo hulipati kwa kutazama video. Unalipata kwa kufunga hesabu za biashara halisi, mwezi hadi mwezi, fedha za mtu zikiwa mezani. Hapo ulipo una miezi mitatu ya kufanya hivyo, na hulipi nauli.

Anza kwa kuzungumza na shangazi, na uchague maneno. Usimwambie unataka kukagua hesabu. Neno ukaguzi linamfanya mwenye duka na dada anayeuza wahisi wanashukiwa. Mwambie, "Shangazi, chuoni tunafundishwa kutunza vitabu. Naomba nikuandikie hesabu za duka mpaka nitakapoondoka, na kila Jumamosi nitakuletea karatasi moja uone." Kubalianeni utaona nini, nani mwingine ataruhusiwa kuona, na utafanya saa ngapi. Hilo la saa usilidharau. Binti akiwa nyumbani likizo, kazi za nyumbani hazina mwisho, na mpango usio na saa unamezwa ndani ya wiki mbili. Saa mbili usiku hadi tatu na nusu, duka linapofungwa, pamoja na asubuhi ya Jumamosi, zinatosha. Namba za siri za laini za wakala usiziombe, na ukipewa uzikatae. Siku fedha itakapopungua, wote wanaozijua namba hizo wataulizwa, na wewe hutakuwa na cha kujitetea. Taarifa za miamala atoe shangazi mwenyewe.

Siku ya kwanza ni ya kuhesabu mali. Chagueni Jumapili asubuhi kabla ya kufungua, muwe wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Anzeni rafu ya juu kushoto, mwende kulia, na kila rafu mliyomaliza mwibandike kipande cha karatasi isije ikahesabiwa mara mbili. Andika jina la bidhaa, kipimo, idadi na bei ya kununulia. Kwenye kipimo ndipo hesabu za maduka zinapoharibikia. Sabuni imenunuliwa kwa katoni, inauzwa kwa mche na kwa kipande. Mafuta yamekuja kwa dumu la lita 20, yanatoka kwa vipimo vya mia tano mia tano. Kwa kila bidhaa chagua kipimo kimoja, kile kidogo inachouziwa, na usikibadilishe mpaka Oktoba. Thamani iwe bei ya kununulia. Ukiweka ya kuuzia, umeshajihesabia faida ambayo bado iko rafuni.

Bei ya kununulia nayo ina mambo yake. Tuseme gunia la mchele la kilo 100 limenunuliwa kwa 220,000, usafiri na kubeba 4,000. Kila mtu dukani atakwambia kilo imesimama kwa 2,240, na ikiuzwa 2,500 faida ni 260. Sasa fuatilia gunia hilo moja mpaka liishe, ukiandika kila kilo, nusu na robo inayotoka. Ukikuta zimeuzwa kilo 97, kwa sababu ya kuzidisha mizani kidogo kila robo na punje zinazomwagika, basi kilo imesimama kwa 2,309 na faida ni 191. Zoezi hili la gunia moja litakufundisha gharama za bidhaa kuliko mhadhara mzima, na matokeo yake shangazi anaweza kuyafanyia kazi siku hiyohiyo.

Baada ya kuhesabu, fungua madaftari matatu: la fedha zinazoingia na kutoka, la manunuzi, na la madeni. La madeni liwe na pande mbili, wateja wanaodaiwa na wauzaji wa jumla waliotoa mali kauli. Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) za manunuzi zipige picha siku hiyohiyo. Maandishi yake hufifia kwa joto, na ikikaa kwenye droo hadi Oktoba utabaki na karatasi nyeupe.

Kisha weka safu ya vitu vinavyokwenda nyumbani. Kila duka la familia linalisha nyumba. Sukari, unga na sabuni vinatoka rafuni kwenda jikoni, na hakuna aliyekosea, ni mali ya mwenyewe. Kihasibu hayo ni matumizi binafsi ya mwenye biashara: yanapunguza mtaji wake, hayaingii kwenye gharama za duka. Yasipoandikwa, mwisho wa mwezi yatajitokeza kama upotevu, na atakayetazamwa kwa jicho baya ni dada anayeuza. Angalia tofauti yake. Stoki ya kuanzia 4,200,000, manunuzi ya mwezi 3,600,000, stoki ya kufungia 4,050,000, mauzo yote pamoja na ya mkopo 4,000,000. Bila safu ya nyumbani, gharama ya mali iliyouzwa ni 3,750,000 na faida ghafi 250,000, yaani asilimia 6.25. Ukitoa vitu vya 180,000 vilivyokwenda jikoni, gharama inashuka hadi 3,570,000 na faida ghafi inakuwa 430,000, asilimia 10.75. Duka ni lilelile na watu ni walewale. Kabla hujamtilia mtu yeyote mashaka, pitia kwanza vitu vya nyumbani, halafu mikopo isiyoandikwa, halafu bei zilizopunguzwa kwa wateja wa siku zote, halafu makosa ya kuhesabu stoki.

Sasa meza ya wakala. Kwa mwanafunzi wa uhasibu hii ni hazina, kwa sababu inakulazimisha kufanya usuluhisho, yaani kulinganisha fedha zilizopo na zilizoandikwa, kila siku, wakati watu wengi wanasoma usuluhisho wa benki chuoni na kuufanya mara ya kwanza wakiwa kazini. Kanuni yake ni moja: fedha taslimu jumlisha floti (salio la wakala lililo kwenye simu) ya kila laini lazima iwe sawa na mtaji. Mteja akiweka, taslimu inapanda na floti inashuka kwa kiasi kilekile; akitoa, ni kinyume chake. Jumla haitikisiki.

Tuseme mtaji ni 3,000,000. Usiku mnahesabu: taslimu 1,850,000, laini ya kwanza 620,000, ya pili 310,000, wakala wa benki 190,000. Jumla ni 2,970,000. Pungufu ni 30,000, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Kwanza hesabu noti upya, halafu soma tena salio la kila laini. Ukinakili 310,000 kama 130,000 utatafuta usiku kucha fedha ambazo zipo. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Hii ya 30,000 haigawanyiki, kwa hiyo endelea. Chukua taarifa ya miamala na daftari la wakala ambalo wateja husaini, uweke tiki mstari kwa mstari. Ukikuta daftarini muamala wa kutoa ambao kwenye taarifa haupo, yawezekana mteja alionyesha ujumbe bandia wa simu na akapewa noti bila salio kuangaliwa. Ukikuta kwenye taarifa muamala wa kuweka ambao daftarini haupo, kuna aliyetumiwa floti na kuahidi kuleta fedha kesho. Vyote vikilingana na bado 30,000 haionekani, tatizo liko kwenye droo: chenji, chakula cha mchana, au noti iliyovuka kwenda kununua soda za duka.

Hilo la mwisho linatokea sana, kwa hiyo tenganisha droo. Duka liwe na lake na wakala awe na lake, hata kama ni makopo mawili ya plastiki. Fedha ikivuka kutoka kopo moja kwenda jingine, iandikwe kwenye kikaratasi chenye tarehe, kiasi na saini; ofisini kikaratasi hicho utakikuta kwa jina la hati ya malipo. Kamisheni nayo iwe na safu yake. Ikichanganywa na mtaji, siku inapoingia jumla inaruka juu ya 3,000,000 na kufunika upungufu wa wiki nzima bila mtu kujua.

Madaftari yakishatulia, baada ya wiki ya pili, hamishia kila kitu kwenye kompyuta. Kama Excel huna, LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi hiyo bila intaneti. Kosa utakalolifanya siku ya kwanza ninalijua: utaandika 15,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti, na programu itaiona kuwa maneno, haitaijumlisha, wala haitakuonya. Andika tarakimu tupu, 15000, koma zije kwa mpangilio wa seli. Tarehe pia ni mtego. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani itaisoma 3/7 kuwa Machi 7, na 13/7 ikiandikwa na mwaka wake itaiacha kama maneno kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Utagundua Septemba, nusu ya miamala ya Julai ikiwa imetawanyika mwaka mzima. Badilisha mpangilio wa tarehe kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Panga data kama ifuatavyo: muamala mmoja mstari mmoja, safu za tarehe, maelezo, akaunti, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, namba ya risiti. Usiunganishe seli, usiache mistari mitupu, usiweke jumla katikati. Majumuisho yakae kwenye ukurasa mwingine, yakivutwa kwa SUMIFS, fomula inayojumlisha kwa masharti. Ukiijua hiyo vizuri, pamoja na VLOOKUP (ya kutafuta taarifa kwenye jedwali) na pivoti (jedwali la muhtasari), umeshika sehemu kubwa ya wanachotaka maofisini. Kozi ya mtandaoni inafaa hapa: chagua moja tu, ya bure, ya jedwali la kompyuta, nusu saa kwa siku kwa wiki nne, na kila somo ulifanye kwa takwimu za duka badala ya mifano yao. Vyeti vitano vya kozi tano ulizozipitia mbiombio havitakusaidia siku utakapowekwa mbele ya kompyuta na kuambiwa uonyeshe.

Mwisho wa Julai, wa Agosti na wa Septemba, funga mwezi: hesabu stoki, toa urari (orodha ya salio za akaunti zote), andika taarifa ya faida na hasara, na mizania (mali, madeni na mtaji) hata kama ni ya mistari minane. Mara ya kwanza itakuchukua siku nne na haitalingana. Usiweke tarakimu ya kulinganisha ili mambo yaishe. Fungua akaunti ya muda yenye kiasi cha tofauti, uendelee kutafuta. Ofisini inafanywa hivyohivyo, na sababu ya tofauti ikipatikana Septemba huwa umejifunza kitu ambacho hutakisahau. Ukifika mwezi wa tatu, kazi ya siku nne inakuwa ya siku moja na nusu. Andika muda uliotumia kila mwezi.

Kuna zoezi jingine ambalo duka la shangazi haliwezi kukupa: mishahara. Lifanye kwa wafanyakazi kumi wa kubuni. Mathalani mshahara wa 600,000: mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 60,000, inabaki 540,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021, kipato cha kati ya 520,000 na 760,000 kwa mwezi kinalipa 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, kwa hiyo kodi ni 24,000 na mkononi zinafika 516,000. Likizo yako inaanza wakati uleule ambapo Sheria ya Fedha ya mwaka mpya inaanza kutumika, Julai 1. Isome, uone imegusa nini, urekebishe jedwali lako. Mwanafunzi anayejua kilichobadilika Julai hii atasikilizwa kwenye usaili.

Kila wiki ya pili, Jumapili, kaa saa tatu mfululizo na mtihani mmoja wa zamani wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, wa uhasibu wa fedha. Mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba, na karatasi zilizopita utazipata kwenye tovuti yao. Lengo si kuufaulu sasa. Lengo ni kuona maswali yanavyoulizwa na watu wanaokutazamia uwe CPA (mhasibu aliyethibitishwa na bodi), ili mwaka wa pili usome ukijua unakoelekea.

Ile karatasi ya Jumamosi ya shangazi iandike kwa Kiswahili kisichotaja debiti wala krediti: kilichoingia, kilichotoka, kilichopungua na sababu yake, nani anadaiwa kwa zaidi ya mwezi. Ukurasa mmoja. Kisha iandike upya kwa Kiingereza cha ofisi. Wahasibu wengi wazuri hukwama kwa sababu hawajui kumweleza mtu asiye mhasibu hesabu zinasema nini, na wewe utakuwa umefanya hivyo mara kumi na mbili.

Kuhusu zile barua kumi na moja, usijilaumu sana, lakini zilikuwa na kasoro. Juni ni kuchelewa. Barua pepe iliyotumwa kwa anwani ya jumla ya ofisi mara nyingi haimfikii mwenye uamuzi. Andika barua ya karatasi, iende kwa mkuu wa taasisi. Kwa halmashauri ni Mkurugenzi wa Manispaa. Taja idara unayoiomba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kazi unazoweza kufanya. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo. Peleka masijala nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Baada ya siku saba za kazi, rudi na nakala hiyo uulize jalada liko kwa nani. Kwa fildi ya mwakani, barua hizi ziwe masijala Januari au Februari.

Hata mwaka huu mlango haujafungwa kabisa. Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha Juni 30, na halmashauri zinatakiwa kuwasilisha hesabu za mwisho kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia Septemba 30. Agosti na Septemba idara za fedha zinapumulia juu juu. Hawana muda wa kukufundisha na mfumo wa malipo hawatakufungulia, lakini hati za malipo zinahitaji kupangwa kwa namba, kuunganishwa na viambatisho vyake, na zinazokosekana kuorodheshwa. Omba wiki tatu za kazi hiyo, kwa asubuhi tu, bila posho. Ukiwa makini, utaona kwa macho yako viambatisho gani mkaguzi anavitafuta na masurufu (fedha za kazi alizokabidhiwa mtumishi) yasiyorejeshwa yanavyoleta hoja za ukaguzi. SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za hapo mjini nazo uzipitie. Nyingi zina mhasibu mmoja tu.

Ifikapo wiki ya kwanza ya Oktoba, kusanya faili moja jembamba: karatasi ya kuhesabu stoki, usuluhisho mmoja wa wakala wenye upungufu uliopatikana, urari na taarifa za miezi mitatu, ripoti mbili za Jumamosi, jedwali la mishahara. Futa jina la duka, majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, na mwajiri makini atakupima kwa jinsi ulivyotunza siri za watu. Kiasi nacho unaweza kukizidisha kwa namba moja ya siri yako ili mtaji halisi wa shangazi usijulikane. Muombe akuandikie barua fupi yenye muhuri wa duka.

Kwenye wasifu wako usiandike "nilisaidia duka la familia". Andika: "Nilitunza vitabu vya duka la rejareja lenye wakala wa fedha kwa simu, Julai hadi Oktoba, usuluhisho wa kila siku wa laini tatu na droo mbili, hesabu za miezi mitatu zilizofungwa, muda wa kufunga mwezi ulipungua kutoka siku nne hadi moja na nusu." Weka tarakimu zako halisi, hata kama ni ndogo kuliko hizi. Atakayekusaili atachagua moja na kukuuliza uliipataje, na hapo ndipo unafungua faili.

Siku tatu za mwisho mpe dada anayeuza. Kaa naye afunge yeye droo ya wakala usiku, aandike yeye safu ya nyumbani, wewe ukitazama tu. Atakapokwama, andika pale alipokwama, urahisishe daftari hapo. Hesabu ya mwisho ya stoki muifanye watatu na shangazi, msaini wote, na nakala moja ibaki dukani.